Mdomo wa Ndorobo

Kaliua, saa mbili asubuhi. Darubini nimeifuta vumbi,
tone la maji ya chumvi liko juu ya kioo,
na ndorobo wa mtego namba kumi na saba
amelala chali, mbawa zimepandana
kama mkasi uliofungwa.

Nambana kwa koleo ndogo, kichwa kiachane na kifua.
Nimelifanya hili mara elfu na ushei.
Mkono bado huchelewa kidogo.

Watu husema ana mwiba.
Mwenye mwiba ni nyuki, tena nyuma,
na akiutumia ndiyo kwaheri yake.
Huyu amebeba mbele ala nyembamba,
na ndani ya ala mna mirija miwili:
mmoja wa damu kupanda,
mmoja, mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
wa mate kushuka.
Shinani uvimbe kama kitunguu, misuli imejikunja humo.
Nchani vijino, vya kukereza ngozi.

Na jambo nililochelewa kuliamini:
mate hutangulia.
Hutoa kwanza, ndipo achukue,
mgeni asiyeingia nyumba ya watu mikono mitupu.

Nageuza kioo. Hizi hapa pembe zake, fupi,
kila moja na unywele wenye matawi
na matawi yenye matawi.
Lugha yetu ilimjua kabla ya darubini:
harufu, sisi twasema, husikiwa.
Basi yeye husikia.
Husikia pumzi ya ng'ombe ng'ambo ya mbuga,
husikia mkojo uliochacha kwenye majani,
husikia jasho la mrina asali
aliyeinamia moshi wake huko Ugalla
na kudhani yuko peke yake.

Macho ni mengi, nimeshindwa kuyahesabu.
Yote yanapenda rangi moja.

Kapaya alikuwa na kaptura ya bluu.
Ya shule; hakuwa na nyingine.
Jumamosi ile mama alimtuma kambini kwa baba,
unga kichwani, chumvi mfukoni,
akapita katikati ya miyombo
rangi ikipepea mapajani kama mtu anayeita.

Wiki ya tatu akaanza kusinzia darasani.
Mwalimu alikuwa na fimbo ya mtundu
na maneno yaliyotangulia fimbo:
mvivu, mtoto wa kambini, unakesha ukiiba asali?
Kapaya aliamka, akahesabiwa viboko, akasinzia.
Nyumbani tukamnunulia dawa ya malaria.
Tukanunua tena.
Akawa anakula huku amelala, tonge limesimama shavuni.
Siku wanamchoma sindano ya mgongo, kule mjini,
alikuwa ameshasahau jina langu,
mimi niliyelala naye mkeka mmoja.

Mdomo huponza kichwa, husema wahenga.
Hawakusema ni mdomo wa nani
wala kichwa cha nani.

Nasukuma lenzi karibu. Natafuta
vile vijidudu vya kujinyonganyonga mateni.
Natafuta pia, nikiri tu, kitu kingine:
kinyongo, labda. Dalili kwamba alijua.
Naona mrija na mrija. Naona vijino.
Mate maangavu kama ya mtu yeyote.

Naandika daftarini: jike, mzima, mate hasi.
Naongeza namba ya mtego.

Mitego yote ya kata hii hushonwa na mama,
Nyamizi, kwa cherehani ya mkono,
bluu na nyeusi, bluu na nyeusi,
analipwa kwa kila kipande.
Wa kumi na saba ulipungukiwa na kitambaa.
Alitaka kwenda dukani, mvua ikamzuia,
akafungua sanduku.

Kiraka kiko upande wa chini, kimepauka,
kina kifungo kimoja na kitundu cha kifungo.
Ndorobo huanza kutua hapo.
Nimekwenda kuangalia mara tatu:
hapo hapo.